Injini ya Kwanza Niliiua Mimi

Imali mama,

Sitakuuliza kama u mzima, kwa sababu nakusikia hapo nyuma ya nyumba ukibishana na mama yako kama ile sufuria kubwa iende ama ibaki. Na mimi usiniulize. Tangu asubuhi sijatulia. Nimeosha pikapu mara mbili, na mara ya pili ilikuwa tayari safi. Nimeenda dukani kununua kalamu nikarudi na sabuni, ikabidi niende tena. Sasa nimekaa ndani ya pikapu, mlango wazi, daftari juu ya usukani, na kila mtu anayepita hapa Shieywe ananiuliza kama nimeandikwa ualimu.

"Naandikia daktari," nawaambia. Hakuna aliyeuliza ni daktari wa nini, kwa hivyo sijataja mbuzi.

Mambo ya kula na kulala, mama yako amekwisha kuyasema, na atayasema tena kesho ukiwa na mguu mmoja ndani ya gari. Mambo ya wanaume pia amesema, nilimsikia, na alinitolea mimi kama mfano mbaya. Sawa. Mimi nina jambo moja tu na liko chini ya boneti.

Unajua mimi niliachia kidato cha pili. Mwalimu wa hesabu alisema mbele ya darasa kwamba haoni nitafika wapi. Leo gari lake likikohoa ananipigia simu na kuniita bwana. Nilipokupata nilikuwa na umri huu wako, sina ndevu, sina kitu, nina mdomo tu. Watu wakituona pamoja sokoni wanadhani mimi ni kaka yako, na wewe unakasirika, na mimi siwasahihishi. Nasema hivi ujue ya kwamba huyu anayeandika si mzee aliyechoka anayetafuta mtu wa kumsikiliza. Huyu ni mtu anayejua pikapu. Nimebeba nayo simiti, viti vya matanga, mahindi, kwaya nzima ya kanisa. Mita ya kilomita ilizunguka ikamaliza namba zake, ikaanza upya, ikachoka ikasimama. Hakuna mtu Kakamega hii anayeweza kuniambia kitu juu ya pikapu kuukuu.

Ndiyo maana nilidanganya vizuri.

Wiki jana uliniita Khayega. Ulisema taa ya oili imewaka ikazima, nije haraka. Nikachukua bodaboda. Nikakukuta umesimama mbali na boneti, mikono nyuma, kama umeambiwa kuna nyoka ndani. Nikavuta kijiti, nikakipangusa, nikakirudisha, nikakivuta tena. Oili ilikuwa mahali pake. Nikakucheka, si unanijua. Nikasema, daktari anayeingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe anaogopa kijiti cha kupimia oili.

Ulicheka kidogo. Halafu ukasema, "Baba, wewe si unajua nilichofanya ile siku."

Mimi nikafunga boneti. Nikasema, "Twende, jua ni kali." Hakukuwa na jua kali. Kulikuwa na mawingu mpaka Mukumu.

Imali, kesho unaenda Lodwar na hii pikapu, kutibu mifugo ya watu. Mimi mwenyewe ninayejua kila kitu sijawahi kuvuka Kapenguria. Huko hakuna bodaboda itakayonileta. Na hii injini iliyomo sasa, hii ya pili, ilikuja kwetu ikiwa imechoka tayari na sisi tumeichosha zaidi. Inakunywa oili kidogo kidogo, na pale nyuma inavuja matone mawili matatu kila ikilala. Injini kama hiyo inataka mtu wa kuivuta kijiti kila asubuhi kabla hajanywa chai. Ukiiogopa itakufia barabarani, na utakuwa peke yako na masanduku ya dawa yanayopata joto. Na itakuwa ni kwa sababu yangu.

Basi sikiliza nilivyofanya ile siku.

Ulikuwa darasa la saba. Baba yangu, kuka wako, alikuwa na yule fahali wake mwekundu, Tingatinga, na Jumamosi ile fahali alikuwa anapigana na mwenzake uwanjani. Unakumbuka jinsi kuka alivyokuwanga wakati wa fahali, hali, hakai, anaongea na ng'ombe kuliko watu. Aliniambia pikapu yangu itangulie mbele ya msafara, ibebe wapiga ngoma za isukuti, fahali afuate na watu wake kwa mguu. Heshima kubwa hiyo. Kulikuwa na watu wenye magari mapya na hawakuambiwa.

Lakini pikapu ilikuwa inatoa moshi. Si moshi wa kawaida wa dizeli, ule wa bluu, wa oili kuungua. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha. Vijana wa stendi waliniita Jikoni. Nikipita wanauliza, "Jikoni, leo tunakula nini?" Mimi najibu, "Obusuma na mdomo wako," lakini ilikuwa inaniuma. Nikaona Jumamosi itakavyokuwa, isukuti inalia, wazee wamejipanga kando ya barabara, na fahali wa kuka anatokea ndani ya moshi wangu akikohoa.

Ijumaa nikaenda Ekero kwa Rajabu. Alikuwa na gereji yake palepale alipo hadi leo, anatengeneza matrekta ya miwa.

"Asalaam aleikum, mzee wa moshi," akaniambia.

"Nataka oili nzito," nikasema. "Nzito kabisa. Moshi uishe kesho."

"Moshi unaisha ukifungua injini ukabadilisha ringi. Oili si dawa ya ringi."

"Wewe niuzie."

Akanionyesha kopo la oili namba ishirini hamsini, akasema hii ndiyo nzito ya mwisho ya injini yako, itapunguza kidogo, usitarajie miujiza. Mimi nikaona pipa pale kando, oili ya gia ya trekta, nyeusi, ukiinamisha kibuyu cha kupimia inatoka kwa kujivuta kama uji wa jana. Nikasema nataka ile.

"Ile ni ya gia," Rajabu akasema. "Ya trekta. Haiendi injini."

"Oili ni oili. Nzito ni nzito."

"Wallahi utalia."

Akakataa kuniuzia. Mimi nikangoja aende kuswali, ilikuwa Ijumaa, nikamwambia fundi wake mwingine kwamba Rajabu ameruhusu. Unaona huo uongo wa kwanza ulivyokuwa mdogo. Nikarudi nyumbani, nikamwaga nusu ya oili ya injini, nikajaza ile. Nikawasha. Moshi ukaisha. Imali, moshi uliisha kabisa, hata mama yako alitoka jikoni kuangalia. Nikapita stendi polepole, dirisha wazi, kiwiko nje. Hakuna aliyesema Jikoni. Nilikuwa mtu mwerevu kuliko wote kaunti hii kwa muda wa siku moja kasoro.

Jumamosi alfajiri kulikuwa na baridi, unajua baridi ya huku kwetu, ile inayotoka msituni. Nikapiga stata, ikazunguka kwa taabu kama mtu anayeamshwa. Ikawaka. Na taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ikawaka nayo, na haikuzima. Nikangoja. Nikakanyaga mafuta. Haikuzima.

Sasa sikiliza alichofanya baba yako, bingwa wa pikapu. Nilifikiria wale wapiga isukuti watakaoniona na taa nyekundu, na kuka atakayekaa kando yangu. Nikachukua bisibisi, nikafungua dashibodi, nikatoa ile balbu, nikaitia mfukoni. Taa ikawa haiwaki tena. Nikaridhika.

Halafu nikaingia kunyoa, nikakuambia wewe, "Imali, pima oili, ikipungua ongeza." Nilikuwa nimekufundisha mwenyewe na ulikuwa unaweza vizuri. Ukapima, ukaona imepungua kidogo, ukachukua chupa iliyokuwa stoo, ile iliyobaki ya oili halali ya injini, ukaongeza nusu lita. Ukafunika. Ukapangusa mikono kwa gazeti. Ulikuwa umevaa sweta ya shule kwa sababu ya baridi.

Hayo mengine unayajua, lakini unayajua vibaya. Tulitembea gia ya kwanza, mwendo wa ng'ombe. Isukuti nyuma yetu, watu wanaruka, kuka ameshika fimbo yake nje ya dirisha, wewe katikati yetu. Karibu na Mukumu nikasikia injini inagonga. Nikaongeza sauti ya kuongea ili kuka asisikie. Ikagonga zaidi. Halafu ikashika, kitu kimoja tu, kama mtu amefunga mlango, na pikapu ikasimama katikati ya barabara na msafara wote ukasimama nyuma yake. Wazee hawapendi msafara ukatike. Tingatinga akapitishwa kando ya mtaro, wapiga ngoma wakashuka, hakuna aliyekuwa anacheza tena.

Kuka akafungua boneti mwenyewe. Akauliza, "Nani aliyetia oili?"

Watu wengi walikuwa wanasikiliza. Vijana wa stendi walikuwepo. Ningeweza kusema, mimi. Ni neno fupi. Nikasema, "Imali aliongeza asubuhi."

Sikusema uongo, unaona. Uliongeza. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka saba, ya kwamba sikusema uongo.

Wewe hukulia. Ulitazama mikono yako. Na Tingatinga alipofika uwanjani akamwona mwenzake, akageuka akakimbia mpaka shamba la mtu, wakasema ni kwa sababu msafara ulikatika. Kwa hivyo ukabeba injini na fahali siku moja, mtoto wa darasa la saba. Kuka akasema msichana wa shule asiguse tena injini. Na unakumbuka kuka alikuwanga anakupatia imondo kisirisiri, ile firigisi ya kuku ambayo wanaume wa kwao hawampi mtu, anaificha ndani ya tonge la obusuma halafu anakuita umletee maji? Jioni ile tulipikiwa ingokho, kuku mzima, na ile imondo akaila mwenyewe mbele yetu sote. Nilimwona. Nilikuwa nimekaa pale na balbu iko mfukoni.

Rajabu ndiye aliyefungua ile injini. Beringi zilikuwa zimekwaruzwa kama zimelambwa na moto. Akachovya kidole kwenye oili, akanusa, akaniangalia. Akaenda kwenye dashibodi akaona shimo la balbu. Akaniangalia tena.

"Wanasema ni mtoto," akasema.

"Aliongeza kidogo."

"Hiyo kidogo aliyoongeza ndiyo kitu pekee safi kilichokuwa humu ndani."

Nikamwomba asiseme, akakubali, akatia hii injini ya pili na balbu akairudisha mahali pake. Lakini kila tukionana ananiangalia hivyo. Na tangu aliposikia unaenda na pikapu, amekuwa akiniuliza, "Utamwambia lini?" kama mtu anayeuliza habari za mvua.

Unajua mimi mwenyewe sikuelewa sawasawa kwa nini ile injini ilikufa. Nilijua nimekosea, sikujua vipi. Ni wewe uliyenielewesha, mwaka jana, na hukujua unafanya hivyo. Tulikuwa kwa kuka, unamdunga ng'ombe wake, na ile chupa ya dawa umeibana kwapani. Nikakutania, nikasema huko chuoni walikufundisha kuatamia mayai. Ukasema, "Baba, dawa hii ni nzito. Ikiwa na baridi haipiti kwenye sindano. Nikiisukuma kwa nguvu itafika kidogo na kuchelewa, na ng'ombe anaumia." Mimi nikacheka. Halafu nikaenda nyuma ya choo nikasimama huko muda mrefu. Kwa sababu injini nayo ina mishipa myembamba, na ile asubuhi ya baridi nilikuwa nimejaza uji mle ndani, na zile beringi zilikuwa zinaomba oili na oili haifiki. Taa ilikuwa inaniambia hivyo hivyo. Nikaing'oa.

Kwa hivyo sasa ninaweza kukuambia kitu juu ya oili ya injini kuukuu, na ujue nimekilipia kwa jina lako.

Kosa langu lilikuwa kupenda uzito. Watu wote wenye pikapu zilizochoka tunapenda uzito, kwa sababu unaficha. Unaficha moshi, unaficha kelele, unakupa siku ya kupita stendi na kiwiko nje. Rajabu anapenda kumi na tano arobaini, na anasema hivyo kila mara bila kuinua kichwa. Mimi napenda ishirini hamsini. Tumebishana juu yako wiki nzima. Namba ya kwanza ni ya asubuhi, oili ikiwa na baridi; ikiwa ndogo, inakimbia upesi kufika juu. Namba ya pili ni ya injini ikishapata moto. Ikiwa kubwa, oili inabaki nzito hata ukipanda mlima na mzigo. Rajabu anasema, atoke Kakamega alfajiri, apite Kitale na baridi yake, atataka ile inayofika haraka, na injini ikinywa kidogo aongeze. Mimi nasema Lodwar hakuna asubuhi ya baridi, hata usiku wake unachemka, na injini imelegea, apewe hamsini. Akasema, "Wewe na uzito wako." Sijui kama nilikuwa naongea juu ya injini ama bado nilikuwa naficha moshi.

Ukweli ni kwamba zote mbili zinaweza. Zote zimeandikwa kwamba ni za dizeli, zote zimefungwa, si za kupimiwa kutoka kwa pipa la mtu. Zile nyembamba za magari mapya hatukuzigusa, zitapita kwenye sili za mpira zilizochoka kama maji. Kati ya hizi mbili anayefaa kuamua ni yule atakayeitazama injini kila siku, aone inakunywa kiasi gani, inavuja kiasi gani, inaamkaje. Huyo si mimi. Mimi nitakuwa hapa, naendesha lori la miwa la mtu mwingine, namdanganya turniboi, msaidizi wangu wa lori, kwamba niliwahi kufika Lodwar.

Leo saa sita nilienda kwa kuka. Sikutaka usome hii kabla yeye hajajua. Nilizunguka boma mara tatu kama mtu anayetaka kununua ng'ombe, mpaka akasema, "Kaa ama uende." Nikamwambia. Pipa, balbu, yote. Nilisema kwa sauti kubwa, masikio yake sasa unayajua.

"Ile siku," akasema, "mtoto alikuwa katikati yetu kwenye kiti."

"Ndiyo, baba."

"Nilimwambia asiguse."

"Ndiyo."

"Miaka mingapi?"

Nikamwambia saba. Akaniuliza kama mama yako anajua. Nikasema hapana. Akasema, "Basi una kazi," akachukua fimbo akaenda kwenye zizi, hakuniaga. Nimeacha daftari nikamwambia mama yako pia, nusu saa iliyopita. Ndiyo maana ile sufuria imerushwa. Hasira si juu yako.

Imali, sikuombi useme kwamba hakuna neno. Kuna neno. Miaka saba umesimama mbali na boneti, mikono nyuma, na mimi nilikuwa nakutania juu yake. Kila nilipokuja kukupimia oili nilijiona baba mzuri. Nilipenda ukiniita. Hilo ndilo gumu zaidi kuandika, kwa hivyo nimeliandika na ninasonga mbele.

Umesikia nikigonga gonga chini ya pikapu mchana, ukauliza nafanya nini, nikasema naaga gari. Nilikuwa namwaga oili. Ndani ya injini hakuna hata tone. Nati ya chini nimeikaza, filta ni mpya, nimeifunga kwa mkono wangu na Rajabu akaja kuhakikisha, maana haniamini tena na ana haki. Waya ya betri nimeitoa, kwa sababu nakujua, ungeingia na haraka zako ukawasha. Iko juu ya betri yenyewe, unairudisha na spana namba kumi. Makopo yote mawili yako kwenye kiti cha abiria, kumi na tano arobaini na ishirini hamsini. Sijaweka alama. Rajabu alitaka kuacha kikaratasi, nikamkataza.

Hutoki hapa kesho mpaka uchague na umimine mwenyewe. Weka kidogo, ngoja ishuke, vuta kijiti. Kosea ukitaka, uzidishe, upunguze, tuna asubuhi nzima. Mimi nitakuwa barazani na gazeti, na mama yako amesema atanikalia nikijaribu kuinuka. Ukiniita sitakuja. Hata ukiita kwa ile sauti.

Labda hutataka kuniongelesha. Sawa, enda bila kuniongelesha, ni haki yako na barabara ni ndefu. Lakini ukishafunika, kabla hujafunga boneti, piga stata ingurume kidogo, uitazame ile taa nyekundu mpaka izime. Nitakuwa nasikiliza.

Baba yako,
Shieywe